Nyumba Njema si Mlango: Juu ya Mvuto wa Hadithi za Upelelezi za Skandinavia

Mtu akiwauliza wasomaji wa hadithi za upelelezi zitokazo nchi za Skandinavia ni kitu gani kiwavutacho, aghalabu hujibiwa kwamba ni giza. Watamtajia usiku mrefu wa Desemba, theluji iliyofunika mashamba, damu juu ya weupe, na askari kanzu mwenye huzuni ambaye hana raha ya nyumbani wala usingizi. Wachapaji nao wamelishika jibu hilo. Majalada ya vitabu hivi, katika lugha yo yote vilivyofasiriwa, yafanana kama watoto wa tumbo moja: mti mkavu, nyumba ya upweke, nyayo katika theluji. Jibu ni jepesi, na kama majibu mepesi mengi lina chembe ya ukweli. Lakini halitwambii kwa nini vitabu hivi vimewashika watu wa nchi nyingi ambazo hazina theluji wala usiku mrefu. Wala halitwambii kwa nini nchi nyingine zenye baridi kali kuliko Uswidi hazikupata sifa hii.

Tena vitabu vyenyewe vyalikanusha. Kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa chanzo cha fasihi hii, Roseanna cha mwaka 1965, chaanza mwezi wa Julai, watalii wakila aiskrimu na kutazama. Katika Villospår cha Henning Mankell, cha mwaka 1995, msichana ajitia moto na kuteketea katikati ya shamba la maua ya manjano, mbele ya macho ya mpelelezi, katika majira ambayo jua la nchi ile halitaki kutua. Sijasoma ukurasa mweusi kuliko huo, na hauna kivuli hata kimoja. Mwandishi aliyeipa theluji kazi ya kweli ni Peter Høeg wa Denmaki, katika riwaya yake ya mwaka 1992 juu ya Smilla. Mtoto wa asili ya Greenland ameanguka kutoka juu ya paa mjini Copenhagen, na wakubwa wasema alikuwa akicheza. Smilla, ambaye mama yake alikuwa mwindaji wa Greenland, azitazama nyayo zilizobaki juu ya paa na kujua kwamba mtoto hakuwa akicheza bali alikuwa akikimbia. Hapo theluji si pambo, ni waraka. Na walioitawala Greenland kwa muda mrefu hawawezi kuusoma, au hawataki. Mtu asemaye kuwa Høeg ameandika juu ya baridi amesoma jalada akaacha kitabu.

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwangu methali hiyo yafaa kuliko habari zote za hali ya hewa, maana fasihi hii kwa hakika yahusu nyumba. Mwaka 1928 Per Albin Hansson, kiongozi wa chama cha wasoshalisti wa Uswidi, alisimama bungeni akaifananisha nchi na nyumba ya watu wote. Nyumba njema, alisema, haina mtoto wa kudekezwa wala mtoto wa kambo. Humo hapana amdharauye mwenziwe, wala mwenye nguvu amwoneaye mnyonge. Miaka minne baadaye alikuwa waziri mkuu, na chama chake kilishika serikali hata mwaka 1976, isipokuwa kwa miezi michache tu. Katika muda huo walijenga shule, hospitali, pensheni za wazee, na maelfu kwa maelfu ya nyumba za kupanga. Mataifa mengine yaliitazama Uswidi, mengine kwa kijicho, mengine kwa matumaini, lakini wachache walitilia shaka kwamba kitu fulani chema kilikuwa kikitendeka kule.

Mlango, basi, ulikuwa mzuri. Waliotaka kuufungua walikuwa watu wawili walioishi pamoja kama mke na mume, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waandishi wa magazeti na wafuasi wa Marx. Usiku watoto wao wakiisha kulala walikaa mezani wakaandika kwa zamu, sura huyu na sura yule. Kutoka mwaka 1965 hata 1975 walitoa riwaya kumi, kila moja ina sura thelathini, na zote wakazipa jina dogo moja ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema ni riwaya ya jinai moja. Msomaji na aangalie umoja wa neno hilo. Vitabu kumi vina maiti wengi, lakini kosa lililokusudiwa ni moja, na mshitakiwa ni dola iliyowaahidi wafanya kazi nyumba ikawapa, kwa maoni ya waandishi hawa, duka. Wahlöö alifariki mwaka huo wa 1975. Mwenziwe aliishi hata mwaka 2020, akaona mbegu yao ikiwa msitu.

Lakini kusudi la mwandishi ni jambo moja na kitabu chake ni jambo jingine. Katika Roseanna mahubiri ni haba sana, na ndiyo maana mimi hukipenda kuliko ndugu zake wa mwisho, ambao kila walipozidi kuhubiri walipungua kuona. Mashine ya kuzoa matope yaufikia mwili wa mwanamke katika mfereji wa Göta, mahali paitwapo Borenshult karibu na mji wa Motala. Hana nguo, hana pete, hana cheti. Hapana mtu nchini aliyetoa habari ya kupotewa na ndugu wa sura ile. Martin Beck aletwa kutoka Stockholm, na kwa muda mrefu hapana litokealo. Siku zapita, majuma yapita, kisha miezi. Beck aumwa tumbo, ashikwa na mafua, nyumbani hawapatani na mkewe. Mwisho yafika habari kutoka Lincoln, katika jimbo la Nebraska huko Marekani, kwamba marehemu aliitwa Roseanna McGraw na kazi yake ilikuwa kutunza vitabu katika maktaba. Baada ya hapo wapelelezi waanza kuwatafuta abiria wa meli aliyosafiria, waliokwisha tawanyika ulimwenguni, na kuwaomba picha walizopiga kwa ajili ya kumbukumbu zao za likizo. Usiku kwa usiku watu wazima wazitazama picha za watu wengine wakicheka, wakimtafuta mwanamke mmoja katika pembe ya picha, na mtu asimamaye karibu naye.

Wako wasomaji waliochoshwa na sura hizo, nami nimewasikia wanafunzi wakiuliza kwa nini waandishi hawakuzifupisha. Jibu langu ni kwamba kitabu ni sura hizo. Mwanamke huyu ni mgeni. Hakuna aliaye mlangoni pa polisi kwa ajili yake, hana mali ya kurithiwa, wala serikali haitapata hasara wala sifa kubwa kwa kufa kwake. Hata hivyo watumishi wachache wa mshahara wa mwezi wajiona kuwa wana deni kwake, na deni la kwanza ni jina. Deni la pili, la kumjua muuaji, laja baadaye. Wala hawalisemi neno hilo. Beck si mtu wa maneno makubwa. Lakini hawezi kumwacha. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ulipo mvuto wa fasihi hii, na giza lote lipimwe kwa taa hii ndogo.

Twaweza kuliona jambo hili vizuri zaidi tukiwakumbuka wapelelezi wa namna nyingine. Sherlock Holmes hupenda fumbo. Maiti kwake ni mlango wa fumbo. Bwana Msa wetu, aliyeletwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kiko chake na subira yake, ni ndugu yake Holmes kwa akili, ijapokuwa kwa tabia na mazungumzo ni mtu wa Unguja. Si polisi, na haki yake ni ya mtu mwenye busara anayewafumbua macho walioshikwa na hofu. Katika hadithi za namna hiyo uovu ni doa juu ya nguo nyeupe: likifuliwa, nguo yarudi kuwa nyeupe, na watu waenda zao. Katika vitabu vya Skandinavia mpelelezi anaposuguasugua doa aona rangi yatoka katika uzi wenyewe. Mwisho wa kesi si mwisho wa jambo. (Mwaka ule ule wa Roseanna, 1965, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, naye akamfanya mpelelezi wake kuwa mtu wa polisi. Mwanafunzi atakayevilinganisha vitabu hivi viwili, kimoja cha dola iliyokwisha zeeka katika ahadi zake na kingine cha dola iliyokuwa ikianza tu kutoa zake, atakuwa na kazi ya kumtosha.)

Msomaji mmoja mwenye shaka ataniambia kwamba nawasifu polisi. Sivyo. Sjöwall na Wahlöö hawakuwapenda polisi kama chombo, na vitabu vyao vimejaa wakubwa wapumbavu na askari wenye kupenda rungu. Nasema tu kwamba yako mambo mawili katika vitabu hivi, na kwamba msomaji wa mbali hushangazwa na lile ambalo mwandishi hakulikusudia sana. Mtu atokaye mahali ambapo jalada la kesi hupotea kabatini, ambapo marehemu asiye na ndugu hana mpelelezi, hastaajabu kuona muuaji mkatili. Wauaji wako kila mahali. Astaajabu kuona mtu wa serikali akikosa usingizi kwa ajili ya mgeni aliyekufa. Hilo ndilo jambo la ajabu katika hadithi hizi, nusura niliite jambo la ngano. Na huzuni yake hutupata kwa sababu twaona kwamba hata palipo na mtu huyo, nyumba bado yavuja.

Usiku wa tarehe 28 Februari 1986 waziri mkuu Olof Palme alitoka sinema na mkewe, kwa miguu, bila mlinzi, akapigwa risasi akafa katika njia kuu ya Stockholm. Kule kutembea bila mlinzi kulikuwa sehemu ya ahadi ya nyumba. Mtu mmoja alihukumiwa mwaka 1989, akaachiliwa kwa rufani mwaka ule ule. Na mwaka 2020, baada ya miaka thelathini na minne, upelelezi ulifungwa bila ya mtu kutiwa hatiani. Fasihi ya upelelezi iliyofuata Uswidi imeandikwa na watu ambao kesi iliyo kubwa kuliko zote katika maisha yao haikupata jibu. Sidhani kwamba twahitaji theluji ili kuieleza fadhaa yao. Neno hilo la fadhaa si langu: Mankell, alipotazama nyuma katika dibaji ya Pyramiden ya mwaka 1999, alisema kwamba mfululizo wake wote ungalistahili kuitwa riwaya za fadhaa ya Waswidi.

Mankell alianza na Mördare utan ansikte mwaka 1991. Wazee wawili wakulima, mume na mke, wameshambuliwa shambani kwao kusini, karibu na mji mdogo wa Ystad. Mume amekufa, mke afa hospitali, na neno lake la mwisho ni lenye maana ya mtu wa nje, wa kigeni. Kurt Wallander alisikia neno hilo akajua kwamba ni baruti. Lavuja hata magazetini, na mara kambi ya wakimbizi yatiwa moto, na Msomali asiyehusika na lo lote auawa. Hapo kitabu chawa na maiti ambaye neno limemwua. Na Mankell hakuchukua njia rahisi. Mwandishi dhaifu angalitwambia mwishoni kwamba wauaji ni Waswidi, tukafunga kitabu tukiwa radhi na nafsi zetu. Yeye alifanya wauaji wa wazee wale kuwa watu waliotoka nje kweli, na akatuachia kazi ya kufahamu kwamba jambo hilo halimpunguzii kitu aliyemwua Msomali. Twaambiwa mara nyingi kwamba Mankell alijua Afrika, maana kwa miaka mingi aliishi nusu ya wakati wake Maputo, akiongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida. Mimi naona alama ya maisha hayo katika kitabu hiki cha Ystad kuliko katika vile alivyoviweka Afrika yenyewe: ni mtu aliyeondoka nyumbani, akarudi, akaona kilichobadilika ambacho waliobaki hawakukiona.

Wallander mwenyewe si hodari wala si mzuri wa kutazamwa. Anenepa, apata kisukari, amwudhi binti yake. Baba yake ni mchoraji ambaye maisha yake yote huchora picha moja, mandhari ile ile ya jua likitua, wakati mwingine na ndege wa msituni, wakati mwingine bila ndege. Wapo wanaocheka wafikapo hapo, nami hucheka. Lakini mzee yule ndiye peke yake katika hadithi ambaye nchi yake haijabadilika.

Nimefikiri mara nyingi kwamba vitabu vya Wallander vyafanana na matanga. Watu hawaendi matangani kuuliza nani kafa, maana wamekwisha ambiwa. Waenda kukaa pamoja na waliofiwa, na kukaa huko kwa subira, siku baada ya siku, ndiyo haki ya marehemu. Kitabu cha Mankell humketisha msomaji vivyo hivyo. Aliyefiwa ni Uswidi, na marehemu ni ile nyumba ya mwaka 1928. Hata hivyo hapa mhakiki hana budi kuuliza swali lisilopendeza matangani: marehemu alikuwa mtu gani? Kuanzia mwaka 1935 hata mwaka 1975 sheria za Uswidi ziliruhusu watu wafungwe kizazi, na wapata 63,000 walifungwa, wengi mno wanawake, na wengi bila hiari ya kweli. Nyumba isiyokuwa na mtoto wa kambo iliamua nani asizaliwe ndani yake. Mankell alia kama mtu ambaye baba yake alikuwa mwema akaharibiwa na walimwengu. Sjöwall na Wahlöö, pamoja na ukali wao uchoshao, walishuku tangu mwanzo kwamba baba alikuwa na siri. Mankell ni msanii bora wa huzuni, lakini katika jambo hili nawaamini zaidi wale wawili.

Mwandishi aliyeziunganisha njia hizo mbili, huzuni na shuku, ni Arnaldur Indriðason wa Aislandi, na kama mwanafunzi ana nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu, mimi ningempa Grafarþögn, cha mwaka 2001. Mifupa ya binadamu yaonekana katika kiwanja cha nyumba mpya pembeni mwa Reykjavík. Ni ya zamani, tangu siku za vita kuu ya pili. Kama kuna muuaji, huenda naye amekwisha kufa. Wenziwe Erlendur hawaoni haraka wala faida. Lakini wataalamu wa mambo ya kale waletwa, waondoa udongo kwa vijiko na brashi, na kitabu chote chaenda kwa mwendo wa brashi ile. Sambamba na hayo twasoma habari za mwanamke apigwaye na mumewe, mwaka baada ya mwaka, katika nyumba iliyokuwa kilimani pale, na majirani wakijua. Aislandi ina watu wasiofika laki nne na mauaji machache mno kwa mwaka. Msomaji wa takwimu atasema basi nchi hii haina haja ya hadithi za mauaji. Arnaldur amjibu kwa kumwonyesha kosa ambalo takwimu hazikulihesabu, lililotendeka ndani ya mlango uliofungwa. Erlendur mwenyewe akiwa mtoto alipotelewa na ndugu yake katika tufani ya theluji, na mwili haukupatikana. Mtu huyu, asiyekuwa na mfupa wa ndugu yake wa kuzika, hawezi kuiacha mifupa ya mgeni bila jina. Kazi yake ni ile ile ya Beck kule Borenshult, lakini sasa twajua inamwuma wapi.

Yako madai mazito dhidi ya fasihi hii, na sipendi kuyapita kwa kupiga chafya. Maiti wake wengi ni wanawake, na kadiri soko lilivyopanuka vifo vyao vimezidi kupambwa. Stieg Larsson, aliyefariki mwaka 2004 kabla ya kuona kitabu chake cha kwanza kikichapwa, alikiita kwa jina lenye maana ya wanaume wachukiao wanawake. Wachapaji wa Kiingereza waliliondoa jina hilo wakaweka la msichana na chale zake. Jina la mashitaka likawa jina la pambo. Ubadilishaji huo wasema mengi juu ya soko, lakini Larsson naye hawezi kuachiliwa huru kabisa. Kila sehemu ya kitabu chake yafunguliwa na hesabu ya maovu wafanyiwayo wanawake wa Uswidi, na Lisbeth Salander, aliyetiwa na serikali chini ya mlezi amdhulumuye, ndiye mtoto wa kambo aliyeelezwa waziwazi kuliko wote. Kisha mateso yaelezwa kwa urefu na kwa ustadi hata msomaji hajui kama atazama ushahidi au tamasha. Jo Nesbø wa Norwei, katika Snømannen ya mwaka 2007, ni fundi mkubwa zaidi, na hatari yake ni kubwa kwa kadiri ya ufundi huo: mama wauawa mmoja baada ya mmoja na sanamu ya theluji yasimama nje, nasi twakumbuka sanamu. Jina la nani twalikumbuka? Roseanna McGraw twamkumbuka. Kipimo changu ni hicho, na najua kwamba kwa kipimo hicho vitabu vingi vyenye jalada la mti mkavu vyaanguka.

Swali lililo gumu zaidi limeletwa na mambo yaliyotokea Uswidi yenyewe. Mwaka 2022 watu zaidi ya 60 waliuawa huko kwa risasi, wengi wao vijana, na mara nyingi katika mitaa iliyojengwa pembeni mwa miji wakati ule wa ujenzi mkubwa wa nyumba za watu. Wauaji wa aina hii hawafanani na yule mwenda wazimu mwerevu wa riwaya, wala waliokufa hawafanani na maiti ambao fasihi imezoea kuwakesha. Jens Lapidus, mwanasheria, aliwaandika watu wa ulimwengu huo katika Snabba cash mwaka 2006, kwa sentensi fupi kama makofi na kwa macho yao wenyewe. Lakini mwendo wake ni wa mbio, na hapana aketiye na picha za marehemu mezani. Malin Persson Giolito amekwenda karibu zaidi katika I dina händer, cha mwaka 2022. Watoto wawili wa miaka kumi na minne, marafiki tangu udogo, na mmoja ampiga mwenziwe risasi. Nani aliyeua twajua tangu mwanzo, kwa hiyo fumbo halipo. Yupo askari aitwaye Farid, na kurasa zilizobaki za kitabu zauliza ni nani, mtaani, shuleni na ofisini, aliyekuwa na deni kwa watoto hao kabla ya siku ile.